Nafasi Moja ya Japani

Sateki ndiye aliyemfundisha Luseane kazi. Hilo tulilijua sote pale ofisi ya ukaguzi wa mimea ya hapa kwetu Tonga, na kama alikuja mgeni asiyejua, Sateki mwenyewe alimwambia kabla chai haijapoa. Luseane aliletwa kwetu akiwa binti aliyetoka chuoni juzi, kiunoni amefunga mkeka mpya, vazi letu la heshima, uliokuwa bado unamkwaruza. Sateki, ambaye siku hizo alikuwa tayari mkaguzi mwenye jina, alimwekea mbele jani la boga lenye madoa, akampa kioo cha kukuzia, akamwambia, "Usitazame doa. Tazama pembeni ya doa." Mwaka uliofuata wakaoana.

Wakajaliwa watoto wawili, Fusi na Tomasi, wakajenga nyumba kijijini Folaha. Sateki akawa mkuu wa kitengo cha magonjwa ya mimea, Luseane akawa mkuu wa kitengo cha mbegu. Asubuhi walikuja kazini kwa gari moja, jioni wakarudi kwa gari hilo hilo, na katikati walibishana kuhusu ukungu wa magimbi mpaka sisi wengine tukaomba radhi tukatoka nje. Walipendana. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanielewa vibaya.

Taabu ilianza asubuhi ile mkurugenzi wetu, Bwana Fakatava, alipotusomea tangazo baada ya sala. Taasisi moja ya Kijapani ilikuwa inawaita wataalamu wa visiwani, watu walio katikati ya safari yao ya kazi na si vijana wa chuo, wakakae mwaka mzima Sapporo wakijifunza kulinda mazao yanayosafirishwa. Kila nchi ingetoa mtu mmoja. Maboga yetu karibu yote yanaliwa huko Japani, kwa hiyo nafasi ile ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo chetu. Sote tuligeuka kumtazama Sateki.

Na kwa nini tusimtazame? Alikwisha kuomba nafasi za namna hiyo mara mbili, moja ya New Zealand na nyingine ya Roma, na mara zote mbili alikosa kidogo tu. Ofisini ilikuwa imekubalika kwamba siku mmoja wetu akipanda ndege kwenda kusoma, atakuwa yeye.

Jioni ile, akiwa anaosha vyombo, Luseane alisema, "Na mimi nitaomba."

Sateki akacheka. "Omba, mama Fusi. Kuomba ni bure."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Tuombe wote. Atakayepata aende, atakayekosa abaki na watoto."

"Tupeane mkono basi."

Wakapeana mkono, wa mkewe ukiwa na povu la sabuni. Sateki alikubali kwa urahisi, kama mtu anayeahidi kugawana ng'ombe ambaye moyoni anajua ni wake peke yake.

Wote wawili wakaitwa kwenye usaili, siku moja. Chumba chenye mtandao wa kuaminika pale kwetu ni kimoja tu, cha mkurugenzi, na ukuta wake ni wa mbao nyembamba. Aliingia Sateki kwanza, amefunga tai na mkeka wake mzuri wa harusi. Alitoka akitabasamu.

"Wamecheka mara mbili," alituambia. "Mjapani akicheka mara mbili, ujue umefika."

Kisha akaingia Luseane. Sateki angeweza kwenda kunywa chai. Badala yake alikaa kwenye benchi chini ya ule ukuta, akafungua ratiba ya kufukiza makontena dawa na kujifanya anaisoma. Sauti ya mkewe ilipenya mbao kana kwamba hakuna ukuta.

Walimwuliza jambo gani la kazi anajivunia. Luseane akawaeleza mwaka ule maboga ya wakulima wa mashariki yalipoozea baharini kabla ya kufika sokoni. Ofisi nzima ilikuwa mashambani inachunguza majani. Yeye alikwenda kwenye banda la kuoshea, akaketi na kina mama, akaosha maboga nao, na hapo ndipo akaona kwamba vikonyo vyote vinakatwa kwa kisu kimoja na maboga yote yanaingia tangi moja. Akachukua maji ya tangi. Ugonjwa ulikuwa mle.

Sateki alihisi masikio yanapata moto. Robo saa kabla ya hapo, ndani ya chumba kile kile, mbele ya watu wale wale, alikuwa amesimulia kisa kile kile. Yeye alisema, "Mimi na kitengo changu tuligundua." Hakuwa amedhamiria kusema uongo. Alikwisha kukisimulia hivyo mara nyingi, kwenye mikutano, kwenye vikao vya wanaume vya kunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, kanisani, hata akasahau kwamba siku ile yeye alikuwa shambani na mkewe ndiye aliyekuwa bandani.

"Ulikuwa peke yako?" sauti ya kike ikauliza kutoka Japani.

"Siku ile nilikuwa peke yangu," Luseane alisema. "Lakini macho nilipewa na mume wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha nisitazame doa, nitazame pembeni yake. Ndiyo maana nilikitazama kisu."

Kule ndani wakacheka, kicheko cha watu waliofurahi kweli. Sateki hakuhesabu walicheka mara ngapi. Angetukanwa, angevumilia. Kumbe amesifiwa, tena amesifiwa kama ngazi inavyosifiwa na mtu aliyekwisha kupanda.

Mkewe alipotoka alimwuliza, "Nimefanyaje? Umesikia?"

"Sikusikia kitu," Sateki akasema. "Nilikuwa na kazi."

Majibu yalipokuja, Luseane alipata. Sateki aliandikiwa kwa adabu nyingi kwamba mwaka huu hakuchaguliwa. Ofisini tulipiga makofi, tukamwimbia Luseane, Bwana Fakatava akaleta keki. Sateki alipiga makofi kuliko sisi sote. Nilikuwa karibu naye. Viganja vilikuwa vinapiga, lakini taya lilikuwa limekazwa kama la mtu anayeng'olewa jino.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa kinamchoma. Mkewe akijifunza maneno ya Kijapani huku anakoroga uji, alitoka nje. Mkewe alinunua koti zito la manyoya la mitumba, akalivaa sebuleni kwenye joto letu la Januari, watoto wakacheka mpaka wakalala chini. Yeye akasema lina harufu. Kwenye kava ya Ijumaa wanaume hawakumhurumia hata chembe.

"Sateki, tunasikia utabaki kuosha masufuria."

"Mwacheni jamani, anafanya mazoezi ya kusuka nywele za Fusi."

"Mwalimu amebaki darasani, mwanafunzi kapanda ndege!"

Alicheka nao, akanywa kikombe chake, akaaga mapema. Njiani, aliniambia baadaye, alikuwa anajiuliza swali moja tu: kwa nini asingepewa mtu mwingine yeyote? Mtu wa benki, mtu wa hospitali, hata yule kijana mvivu wa idara ya misitu. Angemwonea kijicho wiki moja, yakaisha. Lakini huyu alikuwa anakula naye sahani moja. Furaha yake ilikuwa inalala kitandani kwake.

Siku chache baadaye alichagua viazi vikuu vizuri, akavitia kapuni, akaenda kwa dada yake.

Vika alikuwa mkubwa wake, mkuu wa wahudumu wa dirishani benki, sauti ya kwanza kwenye kwaya, na kwetu dada wa mwanamume hapingwi nyumbani mwa kaka yake. Neno lake juu ya watoto ni neno. Sateki aliketi karibu na mlango, kama inavyompasa ndugu wa kiume, akainamisha kichwa.

"Kaka, uso wako umekuwa kama Ijumaa Kuu," Vika alisema. "Nani amekufa?"

"Hamna, dada. Nawawazia watoto tu."

"Wana nini?"

"Hawana kitu. Ila Tomasi hali mpaka mama yake amwite. Na Fusi ndiyo anaingia umri ule. Mwaka mzima bila mama, dada."

"Wewe umemwambiaje mkeo?"

"Mimi nisemeje? Nikisema nitaitwa mwenye wivu."

Vika alimtazama, kisha akavitazama vile viazi. "Basi usiseme. Kwani mimi shangazi yao nimekufa?"

Jumapili baada ya ibada akaja. Akawekwa mahali pa heshima, akapewa fungu kubwa la majani ya magimbi yaliyookwa kwa tui na nyama ya kopo, akala taratibu mpaka akamaliza. Ndipo akafuta mikono.

"Wifi, hongera sana. Umetuletea jina. Lakini watoto wa kaka yangu hawatalelewa na majirani."

"Watalelewa na baba yao, wifi."

"Baba yao? Huyu anayewasha moto akausahau? Mtoto anataka mama. Japani haihami. Watoto wakikua utaenda."

"Wifi, nafasi yenyewe ni ya mwaka huu."

"Na Tomasi naye ana miaka saba mwaka huu tu."

Luseane aligeuza uso akamtazama mumewe, na akaendelea kumtazama. Walikuwa wamepeana mkono. Neno moja tu lingetosha. Sateki alikuwa ameinamia sahani, anachokonoa mfupa ambao hauna nyama.

"Dada amekwisha kusema," akasema.

Wiki ile ile Luseane akaandika kwenda Sapporo kwamba hataweza kuja kwa sababu za kifamilia. Koti akalikunja, akaliweka juu ya kabati.

Sateki alijisikia mwepesi, na wepesi ule ukamfanya mwema. Alimletea mkewe aiskrimu kutoka mjini. Alimrekebishia bomba lililokuwa linavuja tangu Krismasi. Usiku alimkanda miguu. Luseane alishukuru kwa kila kitu, kwa sauti ile ile anayowashukuru nayo wahudumu wa dukani. Mabishano ya ukungu wa magimbi yalikwisha. Garini walikuwa wanasikiliza redio.

Kisha simu ikalia mezani kwa Sateki, mchana, nasi tupo. Alikuwa Bi Kuroda, mwanamke yule wa usaili.

"Bwana Sateki, tumesikitika sana kuhusu mkeo. Sasa nafasi ya Tonga iko wazi, na kwa alama aliyemfuata ni wewe. Je, ungependa..."

"Ndiyo," Sateki akasema.

Hakumwacha hata amalize. Aliniambia kwamba neno lile lilimtoka kabla halijapita kichwani. Aliweka simu chini, akatutazama, na sote tukawa tunatazama kazi zetu.

Alimkuta Luseane uani anakuna nazi.

"Wamepata mtu wa kuziba nafasi," alisema.

"Nani?"

"Mimi."

Mbuzi ikanyamaza. Luseane alikaa hivyo, kifuu mkononi, akiyatazama machicha. Kisha akaendelea kukuna.

"Hongera, baba Fusi. Angalau mmoja wetu." Baada ya kitambo akainuka, akaingia ndani, akarudi na lile koti. "Jaribu. Mikono itakuwa mifupi, lakini huko kuna theluji, hakuna atakayekucheka."

Mikono ilikuwa mifupi. Alisimama uani amelivaa, jasho linamtiririka, mkewe akimvuta huku na huku kuona kama mshono unaweza kufunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya usaili Sateki hakuona wivu hata kidogo. Aliona aibu, lakini si ya kutosha kumfungua mdomo.

Aliyefungua mdomo badala yake ni dada yake. Vika alipopata habari alifika mbio na mkeka mpya chini ya kwapa, zawadi ya msafiri, akiimba tangu getini.

"Mungu ana njia zake! Mwaka huu huu, nyumba hii hii! Wifi, hukuona? Ulipojishusha, kaka akainuliwa."

"Na watoto, wifi?" Luseane aliuliza huku akimimina chai. "Mwaka mzima bila baba?"

"Ah, baba ni baba. Na wewe upo, na mimi nipo. Alikuwa na hofu bure huyu kaka. Alivyokuja kwangu siku ile na viazi vyake! Moyo uliniuma. 'Dada, Tomasi hali, dada, Fusi anaingia umri, mimi nikisema nitaitwa mwenye wivu.' Nikamwambia nyamaza, nitasema mimi."

Chai ikajaa kikombe, ikamwagika kwenye sahani yake, ikamwagika mezani. Luseane aliweka birika chini polepole.

"Alikuja na viazi," akasema.

"Vikubwa!" Vika alisema. Kisha akamwona kaka yake usoni, akamwona na wifi yake, na mkono wake ukaenda mdomoni. "Yesu wangu. Sateki. Ulinituma?"

Hakumwita kaka. Vika akachukua mkeka wake, akausimamisha ukutani, hakujua la kuufanyia, akauchukua tena akatoka nao.

Luseane hakupiga kelele. Alifuta meza. Alipomaliza alisema, "Ungeniambia una wivu, Sateki. Ningekucheka, tungelala, asubuhi tungeamka." Kisha akaenda kulala chumba cha Fusi.

Asubuhi Sateki alifika ofisini kabla yetu, akampigia Bi Kuroda. Alisema hatakuja. Alisema nafasi ile ni ya mke wake, kwamba hakuiacha kwa hiari, wamrudishie. Bi Kuroda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba haiwezekani. Jina la Luseane limekwisha kufutwa, na kama na yeye haji, basi hakuna mtu wa Tonga. Nafasi itakwenda kwa bwana mmoja wa Samoa anayengoja.

Alirudi nyumbani akidhani ameleta kitu. Alimweleza mkewe jikoni, amesimama, kofia mkononi.

"Umekataa?" Luseane alisema.

"Nimekataa. Nisingeweza kwenda."

"Umempa Msamoa."

"Sikumpa mimi, wao ndio..."

"Umempa Msamoa!" Hapo sasa alipiga kelele, majirani wakasikia, na mimi nikaja kusikia kwa majirani. "Hukuweza kuvumilia niende, hukuweza kuvumilia uende mwenyewe! Umeniibia mara mbili wewe! Mara ya kwanza ulikuwa na sababu, ulikuwa unaitaka. Hii ya pili umeiiba ukaitupa baharini ili ujisikie msafi!"

Na ilikuwa kweli.

Ule ulikuwa mwaka mbaya. Luseane alianza kuja kazini kwa gari la mwalimu jirani yao. Sateki alipokea adhabu yake bila kulalamika: alijifunza kusuka nywele za Fusi, vibaya, na kumwita Tomasi mezani, na mtoto akala. Vika hakukanyaga pale kwa miezi. Aliporudi, alikaa karibu na mlango, akakataa mahali pa heshima, akamwomba wifi yake msamaha mbele ya watoto. Kwetu hilo halifanywi. Luseane alilia siku ile, ndiyo mara pekee tuliyosikia kwamba alilia. Mabishano ya ukungu yalirudi kidogo kidogo, kwanza ofisini, baadaye garini.

Luseane aliomba tena, safari hii nafasi ya Australia, kwenye maabara moja ya Brisbane. Hakumwambia mumewe. Alimwambia siku alipopata, kwa sauti ya mtu anayeweka mzigo mezani na kungoja uguswe.

"Vizuri," Sateki alisema. "Utahitaji sanduku kubwa."

Tulimsindikiza uwanja wa ndege wa Fua'amotu, sote, na Vika ndiye aliyemvisha shada la maua. Sateki alibeba mizigo. Nilimwona anavyolitazama lile sanduku likipita kwenye mkanda, na nikajua kwamba ugonjwa haujapona. Ungempa sanduku lile peke yake angepanda nalo.

Wiki ya kwanza Luseane aliongea na watoto tu. Wiki ya pili, aliniambia Sateki, watoto walipomaliza kuongea simu haikukatwa. Uso wa mkewe ulikuwa bado upo kwenye kioo, amevaa koti jeupe la maabara.

"Hadubini wanazotumia hapa," Luseane alisema, kama anayeongea na ukuta. "Hata hutaamini."

"Niambie."

"Unaweka jani zima. Hukati. Unaona ukungu ukiwa hai, unaingia ndani ya jani kama mzizi."

"Hai? Unatembea?"

"Unatembea, Sateki. Niliutazama mpaka chakula cha mchana kikanipita."

Sateki alikaa chini sakafuni, simu mikononi. Moyo ulikuwa unamtafuna kama siku ile kwenye benchi, haukupungua hata punje.

"Una wivu," mkewe akasema.

"Ninao," akasema. "Ninao mpaka kwenye kucha."

Luseane akacheka, si sana.

"Basi kesho uwe karibu na simu saa sita mchana. Nitaigeuzia kwenye hadubini uone."